SKULI IKIJIPIMA YENYEWE, NANI ASHIKE MIZANI?



Yako mambo ambayo sisi wazee wa visiwani hatuna mazoea ya kuyauliza, na laiti tungaliyauliza mapema tungalijiepusha na hasara nyingi. Miongoni mwao ni hili la namna skuli zinavyojipima zenyewe na kupeleka habari zake kwa wakubwa. Twaona skuli zinafunguliwa, twaona watoto wanakwenda na kurudi, twasikia katika hotuba kwamba maendeleo ni makubwa, nasi hutosheka na hayo. Nani aliyeyapima maendeleo hayo? Kwa kipimo gani? Na alipokuwa akiyapima, alitazamia kupewa nini au aliogopa kunyang'anywa nini? Hayo hatuyaulizi.

Wala jambo hili si dogo. Mtoto hupita skuli mara moja tu katika umri wake. Mtu akipunjwa mchele leo, kesho atanunua kwingine na hasara yake ataisahau. Lakini miaka ya mtoto ikipunjwa, hapana duka liuzalo mingine badala yake. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu leo kulieleza neno hili kwa marefu, si kwa kuwachukia walimu, kwani wengi wao ni ndugu zetu na watoto wetu na twaijua dhiki yao, bali kwa kutaka kila mmoja wetu ajue hisabu ya skuli yatengenezwaje na wapi huharibika.

MAANA YA KUJIPIMA

Sisi tunaouza madukani twaijua kazi hii tangu kabla wataalamu hawajaipa jina. Mwisho wa mwaka mwenye duka hufunga mlango, akakaa chini na daftari lake, akahisabu magunia na makopo, akaandika kilichoharibika, kilicholiwa na panya, na madeni ambayo hayatalipwa. Usiku ule hapana mtu mkweli kuliko yeye, kwa sababu akidanganya atakuwa anajidanganya mwenyewe, na duka litakufa mikononi mwake.

Lakini mtu huyo huyo, siku akija mtoza kodi, pengine atatoa daftari jingine. Duka ni lile lile, bidhaa ni zile zile, na hisabu zimekuwa mbili. Sababu yake ni nini? Hisabu ya kwanza matunda yake ni kujua. Hisabu ya pili matunda yake ni kulipa. Basi ukitaka kuielewa habari yote ya skuli kujipima, lishike neno hili moja: hisabu ya kujua na hisabu ya kulipa haziandikwi katika daftari moja, na atakayezilazimisha zikae pamoja ataiua ile ya kujua.

Siku hizi nchi nyingi zinazitaka skuli zijipime. Hata katika Jamhuri yetu ya Muungano, huko Bara, mwaka 2017 uliwekwa utaratibu mpya, na ukaguzi ukageuzwa jina ukaitwa uthibiti ubora, na ndani ya utaratibu huo skuli nayo hutakiwa ijitazame na kujitolea hukumu: ufundishaji wake ukoje, uongozi wake ukoje, wanafunzi wanaendeleaje. Kwa asili yake hilo ni jambo jema kabisa. Mwalimu asiyejua alipokosea hawezi kusahihisha. Taabu huanza pale hukumu hiyo inapochukuliwa ikafanywa ndiyo sababu ya kupandisha cheo au kuteremsha, kusifu au kufedhehesha. Hapo mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, na hapana wa kumlaumu, kwa kuwa sisi ndio tuliompa ngozi na tukamwambia kwamba mkate wake umo ndani ya ngoma hiyo.

WENZETU WALIYAONA HAYA ZAMANI

Mtu asidhani kuwa haya ni mapya. Uingereza mwaka 1862, kwa shauri la waziri wake Robert Lowe, ilipitisha kanuni kwamba skuli za watoto wa maskini zilipwe kwa matokeo. Kila mtoto aliyehudhuria alihisabiwa shilingi 4, na shilingi 8 nyingine zilitegemea mtihani wa kusoma, kuandika na hisabati mbele ya mkaguzi. Kila somo aliloanguka mtoto, skuli ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Lowe alikuwa na hoja, nayo si hoja ya kipumbavu: fedha ni za raia, basi raia waonyeshwe walichonunua.

Matokeo yake yalikuwaje? Walimu waliacha kufundisha masomo yasiyolipiwa, au wakayasukuma pembeni. Watoto walihifadhishwa kitabu cha kusomea kwa moyo, mkaguzi akija wamsomee bila ya kukosea, na hali mtoto hajui neno moja nje ya kitabu kile. Watoto wagonjwa waliletwa darasani siku ya mtihani kwa kuwa kukosekana kwao ni fedha kukosekana. Matthew Arnold, ambaye alikuwa mshairi mkubwa na pia mkaguzi wa skuli, aliandika kwa Serikali yake kwamba ufundishaji umekuwa wa kimashine na akili imetoka. Hata hivyo mambo yaliendelea hivyo miaka zaidi ya 30, hata kanuni ilipokwisha kabisa katika miaka ya 1890. Vizazi vyote vya watoto hao vilipita katika mizani ile, na mizani ilionyesha kila mwaka kwamba mambo ni mazuri.

Baada ya zaidi ya miaka 100 nchi hiyo hiyo ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1992 iliundwa idara ya ukaguzi iitwayo Ofsted, na mwaka 2005 ikatakiwa kuwa kabla mkaguzi hajafika, skuli ijipime kwanza katika fomu ndefu, ijipe daraja kutoka 1, maana yake bora kabisa, hadi 4, maana yake haifai. Mkaguzi akija, ailinganishe hukumu ya skuli na yale ayaonayo. Kwa macho ya mbali njia hii yaonekana ni ya haki: mtu anapewa nafasi ya kusema nafsi yake.

Lakini tazameni hali ya mwalimu mkuu aliyekaa mbele ya fomu ile. Akijiandikia daraja la chini, amejitia kitanzi kwa mkono wake. Akijiandikia la juu na mkaguzi asikubali, ataambiwa haijui skuli yake, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Basi njia ya salama ni moja tu: atazame matokeo ya mitihani ambayo mkaguzi amekwisha kuyaona, akisie mkaguzi atasema nini, kisha aliandike hilo. Hapo hajipimi tena. Anaipima akili ya mkaguzi. Kazi iliyokusudiwa kuwa kioo imekuwa bahati nasibu. Fomu hiyo iliondolewa mwaka 2011 baada ya walimu kulalamika kwa miaka, lakini ile hukumu ya neno moja ilibaki. Mwezi wa Januari 2023 mwalimu mkuu mmoja katika mji wa Reading alijitoa uhai baada ya skuli yake kuteremshwa kutoka daraja la kwanza hadi la mwisho. Afisa wa kuchunguza vifo aliamua mwezi wa Disemba mwaka ule kwamba ukaguzi ulichangia kifo hicho. Septemba 2024 hukumu ya neno moja iliondolewa katika skuli za umma. Twaliandika hili kwa huzuni, ili tujue kwamba kipimo si karatasi tu. Kikishikwa vibaya huumiza watu.

WALIOFUTA MAJIBU KWA UFUTIO

Marekani nayo ilikuwa na sheria iliyotiwa saini Januari 2002, iliyozitaka skuli zipandishe matokeo ya kusoma na hisabati mwaka baada ya mwaka, na isiyopandisha ichukuliwe hatua. Katika mji wa Atlanta matokeo yalipanda ajabu. Msimamizi mkuu wa skuli za mji ule alichaguliwa mwaka 2009 kuwa msimamizi bora wa nchi nzima. Kisha wachunguzi wa jimbo wakazitazama karatasi za mtihani wa mwaka ule ule, wakaona alama za ufutio nyingi kupita kiasi, na takriban zote zilikuwa za jibu la makosa kufutwa na la haki kutiwa mahali pake. Ripoti ya mwaka 2011 iliwataja walimu na wakuu wa skuli 178 katika skuli 44. Mwaka 2015 watu 11 walihukumiwa na mahakama kuwa na hatia.

Watu wengi wakiisikia habari hii hucheka wakasema: walimu wezi. Sisi twaona wizi ule ulikuwa na msiba ndani yake uliopita aibu ya walimu. Mtoto ambaye hakujua kusoma, na karatasi ikasema anajua, hakupewa tena msaada wa asiyejua. Aliibiwa mara mbili: kwanza hakufundishwa, kisha akanyimwa hata haki ya kuonekana kuwa hakufundishwa. Mgonjwa aliyeandikiwa cheti cha uzima hapati dawa.

Mtaalamu mmoja wa huko huko, Donald Campbell, alikwisha kuwaonya mwaka 1976 kwamba kadiri tarakimu moja inavyotumiwa kuamulia mambo ya watu, ndivyo itakavyoharibiwa yenyewe, nayo itakiharibu kile ilichowekwa kukipima. Mwenye duka yeyote angaliweza kumwambia hayo bila ya kwenda chuo kikuu. Hapana mizani duniani inayobaki sawasawa ikiwa mwenye kuishika anakula kwa mujibu wa inavyolalia. Kwa ajili hiyo Kitabu chetu kina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na kwa ajili hiyo Serikali zote humtuma mtu mwingine, asiyekuwa mwenye duka, kuja kuzipiga muhuri ratili.

NA KWETU JE?

Tusiwacheke wenzetu wa mbali. Watoto wetu hufanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na wa Bara, chini ya Baraza moja. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, waliofaulu walikuwa kiasi cha asilimia 34 tu, na nchi nzima ikashituka. Ikaundwa tume. Mwezi wa Mei Serikali ikayafuta matokeo yale na kuamuru yapangwe upya, kwa hoja kuwa utaratibu wa madaraja ulibadilishwa bila ya maandalizi. Yalipopangwa upya, waliofaulu wakawa kiasi cha asilimia 43.

Ndugu zetu, baina ya Februari na Mei watoto wale hawakurudi darasani hata siku moja. Karatasi zao za majibu zilikuwa zile zile, na wino wao ni ule ule. Kilichosogea ni mizani. Huenda mizani ya pili ndiyo iliyokuwa sahihi, hapo hatubishani. Twauliza hivi: mwenye kuuza, mwenye kupima, na mwenye kurekebisha mizani wakiwa ni mkono mmoja, mnunuzi ashike lipi? Na mnunuzi hapa ni mzee aliyeuza karafuu zake au samaki wake amlipie mtoto daftari na nauli.

Mwaka 2023 mwezi wa Januari Baraza lile liliacha desturi ya kutangaza skuli 10 bora. Hilo kwa upande mmoja tunalisifu, kwa kuwa skuli inayochagua watoto hodari tangu mlangoni, kisha ikasifiwa kwa kuwa na watoto hodari, ni kama mvuvi ajisifuye kwa samaki aliowanunua sokoni. Wala orodha ile haikusema neno juu ya mtoto aliyezuiliwa asifanye mtihani ili asiishushe skuli, au aliyekaririshwa darasa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kuiondoa mizani mbovu si kuweka mizani njema. Ukimya nao si hisabu.

Zaidi ya hayo, tusisahau kwamba mtihani wa mwisho huja mtoto akiwa amekwisha kupotea. Mwaka 2010 taasisi iitwayo Uwezo, iliyokuwa ikifanya kazi katika Kenya, Uganda na Tanzania Bara, iliwatuma raia wa kawaida nyumba kwa nyumba, wakimpa kila mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili aisome. Huko Bara walikuta mtoto mmoja katika kila watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kuisoma hadithi ile ya Kiswahili. Miaka 7 darasani! Na katika miaka hiyo yote fomu zilijazwa, mahudhurio yaliandikwa, na hapana hata karatasi moja iliyopaza sauti. Ukweli ule ulipatikana siku alipokuja mtu asiyekuwa na cha kupoteza wala cha kupata, akamwambia mtoto: soma.

BASI TUSIPIME?

Atasema mtu: ikiwa kila kipimo huharibika, tuache kupima, tuwaamini walimu. Nasi twajibu: la. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla ya sheria ile ya Marekani skuli nyingi ziliweza kuonyesha wastani mzuri na kuwaficha chini yake watoto wa maskini na watoto weusi. Sheria ile, pamoja na madhara yake yote, iliwalazimisha kuyaandika matokeo ya kila kundi mbali mbali, na aibu iliyokuwa imefunikwa ikafunuka. Asiyepimwa kabisa ni mtoto wa mnyonge, kwa kuwa mtoto wa mkubwa ana mwalimu wa nyumbani na mzee wa kumsemea.

Tunalolitaka ni kupambanua vipimo, kila kimoja kiwe na kazi yake na mwenyewe wake. Na mifano ipo.

Scotland tangu mwaka 1996 ina kitabu cha mwongozo ambacho jina lake ni swali: skuli yetu ni njema kiasi gani? Walimu hukaa pamoja wakajiuliza tunafanyaje, tumejuaje, na sasa tufanye nini. Swali la pili ndilo lenye thamani. Mwalimu akisema watoto wanaendelea vizuri, huulizwa: umejuaje? Atoe madaftari ya watoto, aeleze alichokiona darasani mwa mwenziwe, aseme wazee wamemwambia nini. Hiyo ndiyo hisabu ya usiku, ya mlango uliofungwa.

Finland ilifuta ukaguzi wa skuli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikitaka kujua hali ya nchi, huchagua baadhi ya skuli na watoto, ikawapima, na kila skuli ikapelekewa majibu yake bila ya kupangwa mstari mbele ya watu. Muuza mchele hana haja ya kupika gunia zima ili aujue mchele. Gao moja latosha, maadamu amelichota katikati ya gunia na si pale juu palipopambwa.

Nasi wenyewe tumewahi kupimwa hivyo, ingawa wachache wanajua. Upo umoja wa wizara za elimu za kusini na mashariki ya Afrika, uitwao SACMEQ, ambao Zanzibar ni mwanachama kwa jina lake, mbali na Bara. Mwaka 2000 na tena mwaka 2007 watoto wa darasa la sita waliochaguliwa bila ya upendeleo walipimwa kusoma na hisabati, na walimu wao nao wakapimwa. Hapana skuli iliyosifiwa wala iliyoadhibiwa. Mwaka 2007 wastani wa watoto wetu katika kusoma ulivuka alama 500, ambao ndio mstari wa katikati uliowekwa mwaka 2000, na katika hisabati haukuufikia mstari huo. Hii ni habari ya kutengenezea nchi: yasema wapi pana nafuu na wapi pana maradhi. Lakini ni wazee wangapi wa Pemba na Unguja waliowahi kuisikia? Habari ya kweli ilibaki makabatini, na habari ya kupambwa ndiyo iliyopanda jukwaani.

HISABU IPANDAYO NA HISABU ISHUKAYO

Tumefika sasa penye kiini cha neno letu. Hisabu zote hizi, kila ukizitazama, hupanda tu. Mtoto hutoa hisabu kwa mwalimu, mwalimu kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu kwa mkaguzi, mkaguzi kwa wizara. Je, iko wapi ishukayo? Fomu humuuliza mwalimu kwa nini watoto 80 wa darasa moja hawakuelewa. Haimuulizi mkubwa kwa nini watoto 80 wamewekwa katika darasa moja. Humuuliza kwa nini somo la sayansi limeanguka. Haimuulizi aliyeamua, kwa sera ya mwaka 2006, kwamba mtoto wa darasa la tano afundishwe hisabati na sayansi kwa Kiingereza, kama alikwisha kumpatia mtoto yule mwalimu anayekijua Kiingereza hicho. Humuuliza kuhusu vitabu asivyoletewa na vyoo asivyojengewa.

Ikiwa anayetoa amri hajipimi, na anayepokea amri ndiye apimwaye kwa matokeo ya amri, basi hiyo si hisabu. Ni kutafuta wa kubebeshwa. Skuli ikijipima, na wizara nayo ijipime, na vipimo vyote viwili visomwe mbele ya watu wale wale.

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa katika visiwa hivi kwamba elimu ni bure. Tamko lile tunaliheshimu, na wengi wetu watoto wetu wamesoma kwa sababu yake. Lakini kitu kikitolewa bure hakikosi mwenyewe. Fedha ile ni kodi ya mwenye duka, ushuru wa mwenye shamba, jasho la mchukuzi wa bandarini. Mwenye mali ana haki ya kuuliza, na kumjibu si hisani.

WAJIBU WETU

Wale waliosoma vyuoni pamoja nasi wanakumbuka namna tulivyopimwa. Mtoto hakuvuka juzuu mpaka amesoma mbele ya mwalimu kwa sauti, peke yake, herufi kwa herufi. Na siku ya kukhitimu wazee na majirani walikuwapo, kila mwenye masikio akasikia. Hatusemi chuo hakikuwa na kasoro: fimbo ilikuwa nyingi, na maana ya kile tulichokisoma mara nyingi haikufunuliwa. Lakini kipimo kilikuwa wazi, na aliyepimwa, aliyepima na mwenye mtoto walikaa ukumbi mmoja. Hilo moja lafaa lirudi.

Basi twawausia wanachama wetu mambo machache, ambayo hayahitaji kibali cha mtu wala hayahitaji kushinda uchaguzi.

Kwanza, kila mzee leo usiku ampe mtoto wake kitabu ambacho mtoto hajakizoea, amwambie asome, kisha amwambie aeleze alichokisoma kwa maneno yake mwenyewe. Asiyejua kusoma amwite jirani ajuaye. Hapana haya katika hilo. Haya ni kungoja hadi kidato cha nne.

Pili, kamati za skuli zipo, na wazee wana viti ndani yake. Viti hivyo tusiwaachie wale wanaokwenda kwa ajili ya kunywa chai na kutia saini. Mwanachama aingie, aulize kwa adabu: skuli imejipima lini? Imeona kasoro gani? Imejuaje? Na mwaka uliopita ilipoona kasoro, ilifanya nini? Skuli isiyokuwa na kasoro hata moja katika karatasi yake ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, kama duka lisilokuwa na hasara hata ya kibiriti kimoja katika hisabu ya mwaka mzima.

Tatu, mwalimu atakayesema kweli tumlinde. Akisimama mwalimu mkuu mbele yetu akasema watoto 30 wa darasa la tatu hawawezi kusoma, nami nahitaji msaada, tusimzomee wala tusikimbilie kumshitaki. Tukimwadhibu huyo, tumewafundisha wote waliobaki kusema uwongo. Tumshukuru, kisha tugawane kazi: wenye elimu wakae na watoto wale baada ya alasiri, wenye uwezo wanunue vitabu, na kamati ipeleke madai yake wizarani kwa maandishi.

Nne, wawakilishi wetu watake Barazani kwamba kila kipimo cha watoto wa Zanzibar, kiwe cha ndani au cha umoja wa nje, kitangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, hata kama hakimpendezi mtu; na kwamba mwenye kupima asiwe chini ya mkono wa mwenye kupimwa. Dai hili tulitoe hali ya kuwa tuko nje ya madaraka, na tukijaaliwa kuingia ndani yake tusilisahau, kwani mizani ileile itatungoja nasi.

Tumesema haya kwa kuwa watoto hawana chama. Mtoto asiyejua kusoma hamsaidii aliyeko madarakani wala hamsaidii mpinzani. Ni hasara ya visiwa vyote. Mwenye duka aweza kumficha mtoza kodi daftari lake la kweli na akaishi. Akijificha mwenyewe, duka limekwisha. Nchi nayo ni hivyo hivyo. Jumatatu watoto watarudi darasani. Na sisi tusibaki nyuma, twende tukaulize.